Kupanda miti na vichaka karibu na tangi la maji taka: hatua kwa hatua

"Nina mche wa mwembe, na nafasi iliyobaki uani ni pembeni mwa tangi la maji taka. Nipande?" Swali hili hurudi kila msimu wa kupanda, kinachobadilika ni jina la mti tu. Jibu fupi: mwembe hapana, lakini si lazima ua huo ubaki mtupu. Ipo mimea inayofaa kabisa hata juu ya mifereji ya kunyonyea maji, na ipo miti unayoweza kupanda ukiipa umbali wake. Kosa linaloharibu mifumo mingi ni kupima umbali kwa mche ulioko mkononi badala ya mti utakaosimama hapo miaka 15 ijayo.

Mwongozo huu ni kwa nyumba yenye tangi (kwingine huitwa karo) ambalo maji yake hutoka na kuingia ardhini kwa njia mojawapo kati ya hizi: shimo la kunyonyea lenye ukuta wa matofali au mawe yaliyoachiwa nafasi, au mifereji iliyojazwa kokoto na kulazwa mabomba yenye matundu. Hatua ni zile zile kwa zote mbili, na zinapotofautiana tumesema.

Kwa nini mizizi huingia

Mzizi hauwindi bomba. Hukua kuelekea palipo na unyevu, hewa na rutuba, na ukingo wa mfereji wa kunyonyea una vyote vitatu, hata kiangazi. Ukikuta muungio uliolegea, ufa au tundu, ncha nyembamba kama unywele hupenya, kisha hunenepa ndani na kuchipua hadi bomba linajaa furushi la mizizi. Bomba zima, lenye miungio iliyogundishwa vizuri, haliingiliwi kirahisi. Bomba la matundu limetengenezwa litoe maji, kwa hiyo kinga yake ni umbali.

Tena, mizizi mingi ya miti hukaa katika sentimita 60 za juu za udongo, kina kile kile ambacho mabomba hayo mara nyingi hulazwa, na huenea kupita ukingo wa matawi, mara nyingi mara 2 au 3 ya umbali kutoka shina hadi ncha ya matawi. Anayefikiri mizizi inaishia kwenye kivuli cha mti anapima nusu tu ya mti.

Vya kuandaa

- Futi kamba ya mita 20 au zaidi
- Vigingi 12 hivi, kamba, na chokaa ya kuchorea mistari ardhini
- Nondo ya milimita 8 au 10, urefu wa mita 1.2, ncha iliyosagwa iwe butu na si kali
- Karatasi na kalamu, au mchoro wa ujenzi wa nyumba kama upo
- Beleshi, sululu na koleo dogo la bustani
- Glavu za mpira, buti, na sabuni ya kunawia
- Matandazo: majani makavu, nyasi kavu au maganda ya miti
- Miche, lakini usiinunue kabla ya kumaliza hatua ya 4

Hatua

1. Tafuta mfumo wote ulipo.

Anzia ukutani, pale bomba la choo linapotoka nyumbani. Tazama chemba ya kwanza, uone bomba linaelekea wapi, kisha fuata mstari huo hadi chemba inayofuata na hatimaye kwenye mifuniko ya tangi. Baada ya tangi, tafuta bomba la kutokea linakwenda upande gani.

Kama mifuniko imefukiwa, tumia nondo siku udongo una unyevu kidogo. Isukume taratibu kwa mikono miwili, wima, kila sentimita 30 kwenye mstari. Zege hugoma kabisa na kutoa mlio mkavu. Kokoto husaga na kutetemesha mkono. Bomba la plastiki hudunda kidogo, na hapo ndipo unapoacha. Usigonge nondo kwa nyundo, maana utatoboa bomba na kuifungulia mizizi mlango unaojaribu kuufunga. Kama nyaya za umeme au bomba la maji safi hupita uani chini ya ardhi, jua kwanza zilipo.

Mifereji ya kunyonyea huonekana vizuri zaidi kiangazi: mistari ya nyasi za kijani iliyo sambamba wakati nyasi nyingine zimenyauka. Shimo la kunyonyea kwa kawaida huwa na mfuniko wake wa zege au bomba la kupumulia.

Onyo: usiinamie tangi lililofunguliwa, usiingie ndani kwa sababu yoyote, na usiwashe moto wala sigara karibu. Gesi iliyomo, hasa salfidi ya hidrojeni na methani, huua kwa muda mfupi sana, na aghalabu humuua na yule anayeingia kumwokoa mwenzake. Chemba ukishaitazama, rudisha mfuniko papo hapo. Shimo lililo wazi hata kwa dakika chache ni hatari kwa mtoto.

2. Chora ramani kwa vipimo.

Usitegemee kumbukumbu. Kwa kila mfuniko, kila mwisho wa mfereji na katikati ya shimo, pima umbali kutoka kona mbili za nyumba zisizohama. Vipimo viwili hivyo vinatosha kumrudisha mtu yeyote mahali pale pale hata baada ya miaka 10, ardhi ikiwa imefunikwa nyasi. Andika pia upande ambao ardhi inateremkia. Nakala moja ikae na karatasi za nyumba.

Kama mfumo ulijengwa na eneo la akiba (nafasi iliyotengwa kwa ajili ya mifereji mipya, ile ya zamani ikichoka), lichore nalo. Halipandwi miti kamwe, hata kama leo ni uwanja mtupu.

3. Gawa ua katika kanda tatu.

Piga vigingi na uchore kwa chokaa:

- Kanda A: juu ya tangi, chemba, mifereji na shimo, pamoja na mita 1.5 kuzunguka. Nyasi na mimea ya mizizi mifupi tu.
- Kanda B: kutoka mwisho wa kanda A hadi mita 6 kutoka kwenye mfumo. Maua na vichaka vidogo, vichaka vikianzia mita 3.
- Kanda C: zaidi ya mita 6. Miti, kila mmoja kwa umbali wake.

Ardhi ikiteremka, ongeza umbali upande wa chini. Maji yanayotoka kwenye mifereji husafiri kuelekea huko, na mizizi ya mti uliopandwa chini hupanda kuyafuata. Nafasi moja uani ikiwa upande wa juu na nyingine upande wa chini, mti uende juu.

4. Chagua mimea.

Hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa, kwa hiyo usiharakishe. Uliza mambo matatu kuhusu kila mmea: utafika urefu gani ukikomaa, unapenda maji kiasi gani, na je, huchipua kutoka mizizini?

Kanda A inataka nyasi. Ukoka au nyasi nyingine yoyote ya uwanjani inayostahimili ukame hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja: hushika udongo, huvuta unyevu na kuutoa hewani, na mizizi yake haizibi bomba. Usiuache udongo wa hapo mtupu, kwa sababu mvua huuchukua na kuacha mabomba karibu na uso. Kama hutaki kukata nyasi, panda mimea ya kutambaa yenye mizizi mifupi. Kwenye ukingo unaweza kuweka mrehani, lavenda au rozimari. Mshubiri pia unafaa, kwa sababu hauhitaji kumwagiliwa.

Usipande mboga juu ya mifereji. Vimelea vya maji taka vinaweza kufika kwenye viazi, karoti na vitunguu vilivyo ndani ya udongo, na matone ya mvua hurusha udongo juu ya mchicha na majani mengine yanayolala chini. Sababu ya pili ni kwamba mboga hulimwa na kumwagiliwa, mambo mawili ambayo kanda A haiyataki.

Kanda C ni ya miti midogo na ya kati: mndimu, mlimau, mkomamanga, mpera unaopogolewa. Mti wa matunda uliobebeshwa kwenye shina la aina fupi ni chaguo zuri kuliko ule uliooteshwa kwa mbegu.

Miti ya kukaa nayo mbali kabisa ni mikaratusi, mifikasi ya aina zote ukiwemo mkuyu, mianzi inayotambaa, na katika nchi za baridi miwilo na mipopla. Hii hunywa maji mengi, hukua haraka, na mizizi yake huenda mbali. Mfikasi ulionunuliwa ukiwa kwenye chungu kizuri cha sebuleni ndio huo huo. Ukiutoa nje na kuupanda ardhini hauna adabu tena.

Migomba inastahili neno lake, kwa sababu watu wengi huipanda makusudi kando ya shimo ili inywe maji. Kweli hunywa, na mizizi yake haina nguvu ya kuvunja ukuta. Lakini huzaa machipukizi na shina husogea mwaka hadi mwaka, mizizi yake laini hujaza kokoto na matundu, na mgomba ulioanguka hung'oa udongo. Ukitaka migomba, ianzie mita 4 kutoka ukingo wa shimo, punguza machipukizi yanayoelekea shimoni, na usiiweke juu ya mifereji.

5. Weka umbali kabla ya kuchimba.

Pima kutoka shina la mti hadi sehemu ya mfumo iliyo karibu zaidi, si hadi katikati ya tangi:

- Vichaka vidogo, chini ya mita 1.5: mita 3
- Miti midogo, hadi mita 6: mita 6
- Miti ya kati na mikubwa: umbali usiopungua urefu wa mti ukikomaa
- Miti inayopenda maji: mita 15, au urefu wa mti ukikomaa, chukua kipimo kikubwa zaidi

Mwembe unaoachwa bila kupogolewa hupita mita 10 kwa urahisi, na katika mazingira mazuri hufika mita 30. Hapo ndipo jibu la swali la mwanzo linapotoka. Kanuni za ujenzi za mahali ulipo zikitaja umbali mkubwa zaidi, fuata hizo.

Kiwanja kikiwa kidogo kiasi kwamba vipimo havipatikani, punguza mti, usipunguze umbali. Kupogoa matawi hupunguza kasi ya mizizi kidogo tu, hakuizuii.

6. Panda kanda A bila kuchimba.

Katika eneo hili koleo halizidi sentimita 10. Kwatua uso kwa reki, tandaza udongo mwepesi usiozidi sentimita 5, kisha panda vipande vya nyasi au miche midogo kwa nafasi ya sentimita 20 hadi 30. Vaa glavu na unawe kwa sabuni ukimaliza, maana udongo huu unaweza kuwa na vimelea.

Kosa la kawaida hapa ni kumwaga malori ya udongo ili kupata tuta zuri la maua. Bakteria wanaosafisha maji kwenye mifereji wanahitaji hewa inayopita juu, na maji nayo yanahitaji kukauka kupitia uso. Ukiongeza udongo mwingi unaziba vyote viwili. Ndivyo ilivyo kwa karatasi ya nailoni chini ya matandazo, vigae, zege, na gari linaloegeshwa juu yake.

Mifuniko ya tangi na chemba ibaki imefungwa, na juu yake pasiwe na kitu au pawe na nyasi tu. Tangi la nyumbani kwa kawaida hunyonywa kila baada ya miaka 3 hadi 5, na fundi hapaswi kukata mimea ili afike. Ukitaka kuficha mfuniko, weka chungu chepesi cha maua ambacho mtu mmoja anaweza kukiondoa.

7. Panda mti kanda C.

Chimba shimo lenye upana mara 2 au 3 ya donge la mizizi na kina sawa na donge hilo, si zaidi. Toa mche kwenye mfuko na uikague mizizi: iliyojizungusha ikatwe au inyooshwe. Mti wenye mizizi iliyozunguka hausimami imara, na mti unaoyumba karibu na mabomba ni balaa lake. Weka mche ili pale shina linapopanukia kuwa mizizi pabaki usawa wa ardhi. Rudisha udongo ule ule, ushindilie kwa mikono, mwagilia, kisha weka matandazo ya unene wa sentimita 5 hadi 8, yaanzie sentimita 10 kutoka kwenye shina.

Kama shimo limefichua kokoto safi zilizopangwa, kitambaa cheupe au harufu ya maji taka, umefika kwenye mfumo na ramani yako imekosea. Fukia, rudi hatua ya 1.

8. Weka kizuizi cha mizizi, lakini usikitegemee.

Kizuizi ni karatasi ngumu ya plastiki inayosimamishwa ardhini kati ya mti na mfumo. Chimba mtaro mwembamba wa kina cha sentimita 60 hadi 90, usimamishe plastiki, na uache sentimita 3 hadi 5 juu ya ardhi, kwa sababu mizizi huruka ikikuta ukingo umefukiwa. Vipande vipishane angalau sentimita 20 na kufungwa kabisa. Kiwekwe upande wa mti, walau mita 2 kutoka ukingo wa mfereji.

Usizungushie mifereji kizuizi, na hasa usikiweke ubavuni mwa mifereji upande wa chini wa mteremko. Kitazuia maji yasitoke na utakuwa umetengeneza dimbwi. Pia kizuizi huchelewesha tu. Mizizi huzunguka pembeni au kupita chini. Kinafaa kuongezea umbali uliopo, hakiwezi kuwa badala yake.

9. Mwagilia na tunza.

Kanda A haimwagiliwi, isipokuwa wiki chache za mwanzo nyasi zikishika, na hata hapo kidogo tu. Kila lita unayoongeza juu inachukua nafasi ya lita inayotoka nyumbani. Elekeza maji ya paa kwingine kwa sababu hiyo hiyo. Mbolea haihitajiki, ya chini inatosha.

Miti ya kanda C imwagilie kwa wingi lakini kwa nafasi, upande ulio mbali na mfumo, ili mizizi ipate sababu ya kwenda huko. Mara moja kwa mwaka pita kanda A uking'oe miche iliyoota yenyewe kutokana na mbegu za ndege na upepo. Mfikasi wa urefu wa kiganja unang'oleka kwa vidole viwili. Ukiuacha miaka 5 utahitaji msumeno.

Kama mti mkubwa tayari upo

Mti ulio karibu mno, lakini mfumo unafanya kazi vizuri, si dharura. Fungua chemba iliyo karibu na mti kila baada ya miezi 6, utazame kama kuna vinyweleo vya mizizi kwenye miungio. Vikianza, panga kuukata.

Ukikata, kata usawa wa ardhi na upake kisiki dawa ya kuua visiki mara baada ya kukata, kabla hakijakauka. Usipofanya hivyo, miti mingi itachipua na mizizi itaendelea kuishi. Kisiki kilicho juu au kando ya mifereji usiking'oe kwa mashine wala mnyororo, mizizi yake imeshika mabomba na utang'oa vyote pamoja. Kiache kioze.

Mambo yakienda mrama

*Sinki moja tu linashuka polepole, choo kiko sawa.* Tatizo liko ndani ya nyumba, kwenye bomba la sinki hilo. Mti hauhusiki.

*Choo na mabomba yote yanashuka polepole, kuna mlio wa maji kubwabwaja.* Fungua chemba moja baada ya nyingine kuanzia nyumbani. Ukikuta moja imejaa na inayofuata ni kavu, palipoziba ni kati ya hizo mbili. Kama zote zimejaa, mwite fundi atazame tangi. Kiwango cha maji kikiwa usawa wa kawaida wa bomba la kutokea, tatizo liko kabla ya tangi. Kikiwa juu ya bomba hilo, tatizo liko upande wa kutokea, kwenye mifereji au shimo.

*Mizizi imeonekana kwenye chemba.* Fundi aikate kwa fimbo za kuzibulia zenye kisu cha mizizi, kisha muungio ulioiruhusu kuingia uchimbuliwe na kubadilishwa. Kukata bila kurekebisha muungio ni kupogoa, na mizizi iliyopogolewa hurudi ikiwa mingi zaidi.

*Umeshauriwa kumwaga chumvi au salfeti ya shaba chooni.* Salfeti ya shaba huua mizizi inayoigusa, lakini ikipitia tangini nyingi hutuama kwenye tope na haifiki kwenye mifereji, huku ikiwadhuru bakteria unaowategemea. Mahali pengine imekatazwa. Chumvi nyingi huharibu udongo wa kunyonyea, hasa wa mfinyanzi.

*Tangi limenyonywa, na maji yanarudi ndani kupitia bomba la kutokea.* Mifereji au shimo limejaa na halinyonyi tena. Punguza matumizi ya maji nyumbani mara moja, elekeza maji ya mvua mbali, na mfereji uchimbuliwe mwishoni uonekane kama ni mizizi au tope. Mizizi ikiwa imejaza bomba la matundu, kipande hicho hubadilishwa, hakizibuliwi.

*Udongo umelowa na unanuka juu ya mifereji wakati hakuna mvua.* Maji taka yanapanda juu. Zungushia kamba, zuia watoto na wanyama wasipite, usikate nyasi hapo, na mwite fundi. Kupanda migomba au matete ili "vikaushe" hakutibu, kunaongeza mizizi mahali ambapo tayari pameziba.

*Nyasi zimekauka kwa mistari juu ya mifereji, kwingine ziko sawa.* Mara nyingi udongo juu ya kokoto ni mwembamba mno. Ongeza sentimita 3 hadi 5 za udongo mwepesi, panda tena nyasi inayostahimili ukame, na usitandike bomba la kumwagilia.